Boti ya Saa Tano

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na kama mikono yako imeshika kazi, iweke chini dakika chache unisome. Natumaini u mzima, kifua hakikusumbui tena, na kule kiwandani wamekuhamisha kutoka karibu na lile dirisha la upepo. Mimi sijambo. Mama hajambo, Baba hajambo isipokuwa mikono yake, na wengine wote ni wazima, ukimwacha Shangazi aliyeungua mabega kwa jua na kutulaumu sisi.

Nakuandikia nikiwa kisiwani. Najua hilo litakuuma. Miaka minne hujakanyaga nyumbani, halafu unasikia ukoo mzima umekwenda mapumziko bila wewe. Nakuomba usiikunje barua hii. Isome mpaka chini, maana jambo lenyewe liko chini, na mimi kama unavyonijua sina ujasiri wa kuanza nalo.

Tulifika Jumamosi, watu tisa na mabegi kumi na saba. Mjomba, ambaye ameendesha malori miaka ishirini katika barabara mbovu kuliko zote, alitapika kabla boti haijatoka bandarini. Aliishika ndoo kwa mikono miwili kama usukani. Shangazi akamwuliza kama angependa kuteremka atembee kwa miguu. Tulipofika, Mjomba alikaa kwenye ngazi ya gati na kuapa kwamba harudi bara mpaka lijengwe daraja, na kwamba mimi, ambaye siku hizi ananiita Katibu, niandike ombi hilo mara moja.

Nyumba tuliyokodi ilikuwa na vyumba sita kwenye picha. Tulipoihesabu ilikuwa na vitano, ukumbi ukiwa mmojawapo, na stoo. Binamu, aliyeitafuta, alijitetea kwamba picha ilipigwa vizuri mno. Kabla hatujafungua mabegi, Shangazi alikuwa ameshabandika ratiba kwenye jokofu: nani anafagia, nani anaosha vyombo, nani anaingia bafuni na kwa dakika ngapi. Mimi nilipewa saba. Binamu na mkewe wamebanana na mapacha wao kwenye chumba cha kitanda kimoja, Mjomba analala kwenye kochi linalomwishia magotini, na mimi niko stoo pamoja na madumu ya maji na mwavuli uliovunjika. Lakini chumba cha mwisho, kile chenye dirisha la kuelekea baharini, hakikupewa mtu. Shangazi aliuliza mara mbili kwa nini watu wabanane na chumba kipo. Baba akamjibu kwamba kina mwenyewe, na Shangazi, ambaye hajawahi kukosa neno, alikwenda kuchemsha chai.

Jumapili pampu ya maji ilikufa tukiwa wote tumejipaka sabuni, au hivyo ndivyo ilivyoonekana kwa namna tulivyokutana ukumbini na mataulo. Jumatatu mvua ilitufungia ndani kutwa, isipokuwa Baba. Tulicheza karata, na Shangazi akakutwa na karata moja chini ya mtandio wa kichwani. Alisema ilianguka yenyewe. Mjomba akataka kujua tangu lini vitu vinaangukia juu. Shangazi alinuna mpaka chakula cha jioni, kisha akala sahani mbili.

Jana jua lilirudi, na Mama aliingia majini. Mama yetu, Dada, aliyekuwa akitukaripia kwa kuchezea beseni! Alinishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi, kisha akauachia, akalala chali juu ya maji na kucheka. Kicheko kile ulichokuwa ukimtoa wewe tu, ulipomwigiza mwenye duka la vitambaa. Sijakisikia tangu uondoke. Alipotoka, akikamua nguo, alisema bila kumtazama mtu kwamba wewe ungeyapenda maji haya. Mapacha waliendelea kurushiana mchanga.

Sasa nikueleze habari za Baba. Kila asubuhi hunyoa ndevu, huvaa shati lake jeupe, hutia saa yake ufunguo, na saa nne na nusu huwa ameshaondoka kwenda gatini kuisubiri boti ya saa tano. Husimama karibu na dirisha la tiketi na kuwatazama wanaoshuka, mmoja mmoja. Mkata tiketi ameshamzoea, humtolea kiti, naye hakikalii. Mtu wa mwisho akishashuka, Baba hungoja mpaka mizigo nayo iteremshwe. Ndipo hurudi nyumbani polepole na kutuambia kwamba leo watu walikuwa wachache. Jana alisema huenda wasafiri wameahirisha kwa sababu ya mawimbi. Bahari jana ilikuwa imetulia kama maji ya ndoo.

Na mezani katika chumba cha mwisho ameweka ile saa ya ukutani uliyoiacha imefunguliwa siku ile mlipogombana. Skrubu zake bado zimo katika kiberiti kilekile. Aliipakata njia nzima, hata boti ilipoyumba. Binamu alijitolea kuifunga, akaambiwa aiache, fundi wake anakuja.

Dada, Baba alikuita uje huku kisiwani. Nimefika pale nilipokuwa nikipaogopa.

Miezi miwili iliyopita aliniita kwenye duka lake la saa baada ya kazi, akafunga mlango na kuniambia nichukue karatasi. Hawezi tena kuandika. Mikono iliyokuwa ikiokota gurudumu dogo kuliko punje ya mchele sasa inamwaga chai. Nilimshauri akupigie simu, akasema simu ndiyo iliyowagombanisha mara ya pili, haiamini tena. Akatamka, nikaandika. Maneno yake sitayarudia, utayasoma mwenyewe. Nakwambia tu kwamba yalichukua saa mbili na ukurasa mmoja, na kwamba kutia saini peke yake kulichukua muda mrefu kama kufungua saa. Aliushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Alijaribu kwanza kwenye karatasi chakavu, mara tatu. Kisha akanikabidhi barua, akasema ananiamini kwa sababu mimi nashinda na barua za watu na sijapoteza hata moja.

Siku ya pili niliichukua kwenda nayo ofisini ili niitie katika bahasha nzuri. Unajua kazi yangu ya masjala. Kila karatasi inayopita mezani kwangu naipiga mhuri, mamia kwa siku, miaka mitatu sasa, na mkono hauniulizi tena. Mkuu wa masjala aliniita, nikageuka kumwitikia, na mkono ukapiga. IMEPOKELEWA, kwa wino mwekundu, na tarehe, juu ya saini ya Baba.

Nilijaribu kifutio. Nikajaribu wembe, karatasi ikatoboka. Kuiga saini yake sikuthubutu, na kurudi kwake nikamwambie aushike tena ule mkono sikuweza. Utaniuliza kwa nini sikukutumia hivyohivyo. Niliogopa utadhani anakudhihaki, kwamba hata radhi yake imepitia kaunta kama malalamiko ya mteja. Nikaifungia katika droo, nikajiambia kesho. Wiki moja baadaye aliniuliza kama nimeituma. Nikasema nimeituma. Baada ya hapo kila aliponiuliza kama jibu limekuja, nilisema posta wanachelewa. Mara mbili nilikupigia nikwambie ukweli. Ulipokea, nikakuuliza kama huko kwenu kunanyesha.

Kwa hiyo yeye anadhani umekataa, nawe unadhani amekusahau. Aliyesimama katikati yenu ni mimi.

Niliacha kuandika kwa muda, ndiyo maana mwandiko umebadilika hapa. Nilikwenda kumwambia. Alikuwa bafuni ananyoa, shavu moja limeshanyolewa na la pili lina povu. Nilizungumza nikiwa mlangoni, nikilitazama bomba. Aliniuliza swali moja tu, kama wewe hujaiona kabisa ile barua. Nikasema kabisa. Akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Nilingoja kelele, Dada. Badala yake alisema taratibu kwamba basi hukukataa. Akalisema tena, kama mtu anayejaribu saa kama inakwenda. Kisha akasimama, akamaliza shavu la pili, akaniambia mimi atashughulika nami tukirudi nyumbani, na kwa sasa nikamwambie Shangazi shuka za chumba cha mwisho zibadilishwe.

Mjomba ameitwa kazini, anaondoka leo na boti ileile iletayo watu. Ndiye atakayekukabidhi hii, na ndani yake utaikuta barua ya Baba, na mhuri wake, na tundu lake. Mjomba atakungoja chini na lori mpaka umjibu. Nyumba ni yetu mpaka Jumapili, na boti huja kila siku. Baba ameshatoka. Amembebea Mjomba begi kwa mikono yake ile na anamharakisha, ingawa ni saa nne tu, na ingawa anajua boti ya leo haiwezi kuwa na wewe.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama bado unalala na soksi. Binamu, mkewe na mapacha wanakusalimu. Shangazi anasema bafuni amekuandikia dakika kumi, nyingi kuliko za mtu yeyote.

Usiponisamehe nitaelewa. Lakini uje.

Mdogo wako,
Katibu