Maana ya Petroli

Mjukuu wangu Wambui,

Natumai masomo huko Eldoret yanaendelea vizuri. Sisi tuko salama. Goti la shosho, nyanya yako, limepata nafuu, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Umeniuliza neno petroli lilitoka wapi. Lilitoka kwa Kilatini: petra ni mwamba, oleum ni mafuta. Ni mafuta ya mwamba, kwa kuwa huchimbwa chini kwenye miamba.

Wa kwanza kunieleza hayo alikuwa kaka yangu Njoroge, aliyekuwa mchonga mawe na hakuwahi kusoma. Wakati huo nilikuwa kijana, nauza petroli kwenye kituo kimoja katikati ya jiji. Alitembea kutoka hapa Kangemi hadi kazini kwangu, vumbi la mawe nguoni, akaniambia, "Padri amenifundisha kitu. Hayo mafuta unauza yanatoka kwa mawe. Hata jina lenyewe linasema hivyo."

Wenzangu walikuwa wakisikiliza, nikaona haya. Nikamjibu, "Wewe kila kitu ni mawe tu." Wakacheka. Njoroge alitabasamu kidogo, akaniaga, akarudi kwa miguu.

Miaka mingi baadaye nilikuta maneno yale yale kwenye kamusi ya baba yako. Nilinuia kumwomba msamaha, lakini kila Jumapili tulipokaa pamoja baada ya misa nilishindwa pa kuanzia. Tulimzika kabla sijasema. Na tangu siku ile ya kituoni, hakuwahi kunieleza tena jambo lolote jipya alilojifunza.

Ni mimi guka, babu yako, ninayekukumbuka.