Aproni ya Mlango wa Jikoni

Jumapili, 11 Januari

Pindo za sketi za kwaya zimeisha. Vifungo bado. Katikati ya kazi nimeshona jina la binti yangu Neema kwenye soksi zake zote. Kesho anaingia bweni la shule ya baleti kule mtaa wa Observatory. Miaka kumi na moja tu, na majaribio kayashinda mwenyewe. Mimi sijui hata majina ya hatua zake. Naringa. Kanisani nimewaambia wote, hata wasiouliza.

Jumatatu, 12 Januari

Nimerudi naye nyumbani, Hillbrow. Mlango wa mbele wa shule tumezuiwa, tukaambiwa tuzungukie jikoni. Pale mwanangu akavishwa aproni. Aproni! Tangu nitoke Bukavu nimesugua sakafu za watu mji huu ili yeye asije akaivaa. Nikaivua, nikaitupa, nikamvuta mkono hadi kwenye teksi. "Eish, Mama, ni aproni tu!" Hajala.

Jumatano, 14 Januari

Shule wamepiga simu. Ijumaa ndiyo mwisho, kuna mtoto mwingine anangoja nafasi. Nikasema wampe. Neema alisikia. Hakulia. Alifanya mazoezi yake ameshika kiti changu cha cherehani. Afadhali angelia. Hasira hasara, najua. Sasa nitarudi kwa uso gani?

Alhamisi, 15 Januari

Amekuja Gogo Thandeka, yaani Bibi kwa lugha ya huku, mwalimu mzee wa shule. Lifti imekufa, kapanda ngazi zote na fimbo yake. Ningemfukuzaje? Nikachemsha chai ya tangawizi.

Kumbe. Enzi za ubaguzi wa rangi, mtu mweusi hakuruhusiwa kuishi mtaa ule isipokuwa awe mtumishi wa ndani. Mzungu aliyeanzisha shule akawalaza wanafunzi wake weusi vyumba vya watumishi. Akawafundisha jikoni, mapazia yamefungwa, wameshika sinki badala ya ufito wa mazoezi. Gogo alikuwa mmoja wao. "Polisi wakigonga, tunavaa aproni juu ya nguo za kuchezea, tunakamata sufuria!" Akacheka hadi chai ikamwagika. Ndiyo maana mpaka leo kila mtoto mpya, hata Mzungu, huingilia jikoni na aproni, na hatua yake ya kwanza huifanya kwenye sinki lile.

Hakuna aliyenieleza. Nami sikuuliza. Nimeona haya. Nikamwuliza kama aproni ya kushonewa nyumbani inakubalika. Akasema zao za kwanza zote zilishonwa na mama zao, na nafasi ya Neema bado ipo hadi kesho.

Ijumaa, 16 Januari

Nimeishona kwa kitenge cha bluu, kile nilichokuwa naogopa kukikata. Neema kaingia jikoni bila kugeuka nyuma. Mimi nje, karibu na mapipa ya taka, nachungulia dirishani. Akashika sinki, akakunja magoti, mgongo umenyooka. Gogo akagonga fimbo chini. Nililia waziwazi, mpishi akaniletea kiti.

Jumapili, 18 Januari

Kanisa. Sombe, kisamvu chetu, na wali. Neema kapiga simu: kitanda kinalia, wenzake wanataka aproni kama yake. Nina hamu naye mno. Nimeosha sahani yangu. Kisha nikashika sinki, nikajaribu kusimama kwa ncha za vidole. Magoti yakalia. Nikajaribu tena.