Neno Kabla ya Mpira

Kaka,

Viti vya msiba tulivyoazima nimesharudisha, ila sufuria la jirani limetoboka na sasa kaninunia. Kazini nimerudi kufundisha madaktari wapya kuweka mpira wa kupumulia kooni. Wana mikono mizito hao! Sanamu la kujifunzia wameshalivunja meno. Jambo moja tu wamelishika: mpira ukipita, mgonjwa hawezi kusema tena, kwa hiyo kwanza muulize ana neno gani.

Kwenye simu ulilia kwamba hukumuwahi Mama. Sikuweza kukwambia hili.

Siku ile alikuwa anahema kwa shida, macho yamemfifia. Kumwekea mpira mama yangu mwenyewe sikuweza, nikamwachia mwanafunzi wangu. Binti wa watu hakusahau. Akainama: "Mama, una neno kabla hatujaweka mpira?"

"Kifungua mimba wangu amefika?"

Kaka, niliitika mimi. "Nimefika, Mama."

Akanipapasa shavu. "Mbona umekonda hivyo?"

Mpira uliingia mara moja, safi kabisa. Hakuamka tena.

Basi usijilaumu. Wewe mliagana naye. Mimi ndiye ambaye hakuniulizia.

Mdogo wako,
kitinda mimba wake