Tope Ndilo Linaloishikilia

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na wanao, na lile goti limeacha kukununia unapopanda ngazi. Sisi huku tunapumua, ingawa shemeji yako siku hizi anapumua kwa kelele. Salamu zako na karipio lako nimevipokea, na hakuna kilichopungua njiani.

Umeniuliza tutatoka lini ndani ya meli hii bovu. Unakumbuka tulivyoingia. Shemeji yako alikuwa anachomelea geti la kinu cha unga, akachungulia nyuma ya ukuta, akaiona meli ya mto imekaa kwenye tope kama bibi aliyesusa. Siku hiyo alirudi nyumbani, chakula hakugusa. Alizungumzia tu yale magurudumu mawili ya ubavuni ya kupigia maji, na bomba la moshi lenye bawaba, ambalo mabaharia walililaza kila walipopita chini ya daraja. Alisema tuhamie kwa muda tu, tuitengeneze, kisha tushuke nayo mto mpaka mwisho wake. Mimi nililia. Wewe ukasema nimeolewa na fundi nikahamishiwa kwenye vyuma chakavu.

Huo muda tu umekuwa miaka. Meli imelala upande, kwa hiyo kila kitu chetu kina kabari chini yake: kitanda, jiko, na cherehani yangu iliyo kwenye kibanda cha tiketi. Hata buchani naenda nimeinama upande, na muuza nyama huniambia amenikatia kipande mshazari ili mimi nikione kimenyooka. Dirisha moja linatazama tope, la pili linatazama ukuta wa kinu. Mvua ikinyesha, ubao wa kuvukia unateleza na sitoki. Nashona huku nasikiliza kutu ikidondoka. Kuna siku nilitamani kupiga mayowe.

Sasa wakubwa wa mto wametangaza kwamba mkondo wetu utachimbuliwa. Mkaguzi alikuja, akagonga ubavu kwa nyundo, na mahali pamoja nyundo ikaingia. Alipoichomoa, tope likafuata. Akatueleza kwa upole kwamba chuma kimekwisha, na kinachoizuia meli isizame ni tope lenyewe. Ikivutwa itazama, na tope likiondolewa itazama vilevile. Shemeji yako alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha akasema basi, tufunge mizigo, twende kwa dada. Daktari alishamwambia kifua chake kinataka chumba kikavu, na wewe umetupa chumba. Nilimwona mabega yameshuka, kama mtu aliyetua gunia. Nikajua alikuwa amechoka siku nyingi, ila alingoja mtu mwingine aseme.

Dada, hapa ndipo pagumu. Nilikunja nguo zote, nikafika kwenye kibanda cha tiketi, nikashindwa kuitoa cherehani. Miaka yote nimekulilia kwamba nimefungwa humu na mapenzi ya mtu mwingine. Si kweli tena, na sijui iliacha kuwa kweli lini. Ni kama mafua: aliyeniambukiza amepona, mimi ndiyo kwanza nakohoa. Naipenda meli hii. Najua wanasema ukipenda, chongo huita kengeza, lakini wangu ni kipofu kabisa na bado namwita kengeza.

Nimeshazungumza na wapakuzi wa kinu. Tutamwaga saruji ndani, tumbo zima, kabla mashine hazijafika. Mkaguzi anasema huenda ikakaa. Ikikaa, itakuwa nzito kiasi kwamba haitakwenda popote tena, wala mimi. Hilo nimelifikiria nimekaa, nimelifikiria nimesimama, na kila mara najikuta nimeshika ndoo ya mchanga. Wewe utasema sikio la kufa halisikii dawa, nami sitabisha.

Shemeji yako hajui. Ningemwambia angebaki, angechukua koleo na kifua kile kile. Nimemdanganya kwamba namalizia nguo za wateja, nitafuata kwa basi la kesho kutwa. Anayekuletea barua hii ni yeye mwenyewe. Nimeifunga kwa gundi na uzi, maana namfahamu. Nadhani sasa hivi amekaa mbele yako, kofia iko gotini, anakungoja umwambie basi langu linafika saa ngapi.

Mpe chumba kinachopata jua. Chai anakunywa bila sukari, ila kwa adabu atakubali yoyote utakayompa. Akianza kukutengenezea geti, mwache, ndivyo anavyoshukuru. Wasalimie watoto, na jirani yako yule mwenye maneno mengi mwambie nilikuwa sahihi kumwogopa.

Nakuomba jambo moja tu, dada. Usimwambie kabla hajala.

Ni mimi mdogo wako asiyesikia.