Kipande cha Mwisho

Changamwe, 3 Novemba 2006

Mwanangu Mueni,

Salamu zangu zikufikie huko kwenye baridi. Mimi mzima, ila magoti yanalalamika. Wewe na mjukuu wangu Bridget mu wazima?

Barua yako imenitia wivu, nakwambia waziwazi. Kila asubuhi unamchemshia chai mzee wa Kiswidi na kumvalisha soksi. Mimi niliyekuzaa, nani ananivalisha? Usinijibu kwamba ni kazi. Najua ni kazi.

Halafu kaka yako Bethuel anataka kunitengea nafasi makaburini kando ya baba yenu. Mwambie sitaki. Maisha yote nilimpikia Augustino chapati. Alizikata mwenyewe, akawagawia nyote, kisha akachukua kipande kidogo kilichosalia. Mpakua mizigo bandarini hashibi kwa hicho. Alikuwa amekwisha kula kwa Wamaitha, yule muuza chakula wa getini. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Akalale na Wamaitha wake.

Mama yako

Bredäng, Uswidi, 26 Novemba 2006

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yasugue kwa ile dawa niliyokutumia. Sisi wazima, na mjukuu wako anakusalimu kwa Kiswidi, nimemkanya.

Yule mzee, Holger, alikuwa baharia wa meli ya mizigo ya Waingereza. Wajerumani waliizamisha katika Vita vya Pili vya Dunia wakamfunga kambini hadi vita vilipokwisha, kama walivyomfanya Baba enzi zake za ubaharia. Nimemuuliza kama walijuana. Hapana, mabaharia walikuwa wengi mno.

Jana alinikaribisha mkate. Aliukata, akanisogezea sahani, akangoja. Nilipochukua changu ndipo akachukua kile kidogo. Nililia, Mama, maana nilimwona Baba mezani petu.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema kambini chumba kizima kiligawana mkate mmoja, na watu walikaribia kuuana kwa sababu ya chembe. Wakawekeana sheria: anayekata huchukua mwisho, akikata vibaya hasara ni yake. Mpaka leo hawezi kuchukua kwanza. Marehemu mkewe alidhani anadharau mkate wake.

Mama, Baba hakuwa ameshiba.

Mwanao, Mueni

Changamwe, 14 Januari 2007

Mueni,

Hujambo mwanangu? Magoti ni yale yale.

Nimekasirika. Nilipomuuliza baba yako habari za Ujerumani, alisema kulikuwa na baridi, basi. Mzee wako amekueleza wewe, mgeni, kwa kikombe cha chai. Yeye aliijua njaa ya mume wangu, nami niliyempikia sikuijua. Sasa ndiyo namwonea wivu hasa.

Jumapili iliyopita nilipika chapati nikaenda kwa Wamaitha. Hatujasalimiana tangu wewe uko shule ya msingi. Nikamuuliza usoni: Augustino alikuwa akila kwako?

"Alikuwa akija na wenzake," akasema. "Anawakatia wote mkate, yeye anachukua kile kidogo. Nikasema huyu mke wake amemshibisha, changu hakitaki. Nilikuonea wivu, dada, wacha tu."

Sikujua nicheke au nilie. Nikafanya yote mawili, hata yeye akalia. Kisha nikakata chapati, nikamsogezea sahani, nikangoja. Akachukua kipande kikubwa, mroho yule.

Mwambie Bethuel aniwekee nafasi kando ya baba yenu, upande wa kulia. Kushoto kuna ukuta, kwa hiyo Wamaitha hatapata pa kujipenyeza.

Mama yako