Kaburi la Babu Limeitika

Nyumba ya Nyuma ya Gereji,
Mtaa wa Kanisa Kongwe.
Jumapili, tarehe 8 Juni.

Mpendwa mpwa wangu, Mama Maswali,

Pokea salamu nyingi kuliko nywele za kichwa chako, hata ukiongeza za kusukia. U hali gani huko uliko? Kifua kimepoa? Baridi isikuonee, wewe ni damu yangu, na mwili wangu huu haujawahi kumeza kidonge ila vile vya malaria, navyo nilivimeza kwa kumheshimu daktari. Sisi huku wazima. Mama yako mguu unamsumbua, lakini mdomo mzima kabisa. Bibi yako anakula, anasali, ananigombeza.

Sasa kama umesimama, kaa. Tangu Jumatano sijachomelea geti hata moja, mimi ninayechomelea bila miwani.

Vile vigae vyeupe ulivyotuchagulia kwenye picha, vya kaburi la babu yako, havikuwekwa kaburini. Nitakueleza kwa nini, na usimsikilize mama yako kwanza, maana yeye hakuwepo.

Unamjua bibi yako na wadudu. Siku tuliyomzika baba alikataa kuondoka makaburini mpaka aone zege limemwagwa, tena nene, asipenye humo hata siafu mmoja. Miaka yote hii mvua ikinyesha halali. Anauliza, "Lile zege halijapasuka?" Na sasa limepasuka kweli. Ndiyo maana alitaka vigae, ajue mumewe amefunikwa na hakuna kinachomtambalia. Uzeeni hajatuomba kingine.

Basi Jumatano nikaenda na fundi vigae, yule tunayemwita Pima-Tena. Upande ule wa zamani nyuma ya kanisa haujafyekwa tangu enzi za mlinzi wa kwanza. Majani yalinifika kifuani, na kifua changu unakijua kilivyo juu. Nikafyeka peke yangu. Wanaume watatu wangeomba likizo.

Niliyoyaona, mpwa wangu! Hapa mtaani umebaki mti mmoja, nao umepigiliwa tangazo la dawa ya kunguni. Ndege wetu ni kunguru basi. Kumbe wenzao wote wamehamia kwa marehemu. Kalunguyeye kajikunja chini ya msalaba kama mpira wa miiba. Wale ndege wadogo, chozi, wanameta kama gari lililotoka kupigwa rangi, wanafyonza maua mekundu ambayo nilidhani yalikwisha duniani nikiwa darasa la tatu. (Niliishia la sita, lakini la sita la zamani.) Kinyonga mkubwa kama mkono wangu. Haya, kama kiganja. Vipepeo wa rangi nisizozijua majina. Nilisimama na panga langu nikajiuliza, hivi wafu ni wao au ni sisi?

Pima-Tena akaanza kazi. Fundi wa kweli hawezi kuweka kigae kabla hajaligonga zege kwa mpini wa mwiko, asikilize penye uwazi. Akagonga miguuni: ko, ko. Akagonga katikati: ko. Akagonga upande wa kichwani, na kaburi likaitika.

Nakuapia. Mmmmmm. Sauti nzito, ya chini, kama ya baba alipokuwa amekasirika na hataki kusema.

"Mzee kakataa vigae," Pima-Tena akanong'ona, mwiko umemgandia mkononi.

Watakwambia nilikimbia. Sikukimbia. Nilikwenda kuita watu, kwa haraka, na njia ya mkato ilipita juu ya ukuta.

Mlinzi wa kanisa ndiye aliyenirudisha, huku anacheka mpaka kofia inamdondoka. Akainama akatuonyesha. Kwenye ule ufa kimetokeza kimrija cha nta, chembamba kama mrija wa soda, na vidudu vyeusi kama sisimizi wenye mabawa vinaingia na kutoka. Nyuki! Wale wadogo wasiouma. Udongo chini ya zege umetitia ukaacha uwazi, na uwazi umejaa wao. Sisi tumewagongea mlango, wao wameuliza nani.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nyuki siwaogopi, mama ndiye ninayemwogopa. Ningemwambiaje kwamba humo hakuingia siafu mmoja, umeingia mji mzima? Nikamwambia fundi, "Ziba. Ziba upesi, na wote tufunge midomo." Akapaka saruji. Nyuki waliokuwa wanarudi, miguu imejaa unga wa maua, wakaanza kuzunguka mbele ya mlango wao uliopotea.

"Mnaziba nini?"

Bibi yako huyo, nyuma yetu, na chupa ya maji aliyotuletea. Mimi niliyewahi kumdanganya askari wa barabarani mpaka akaniombea dua, siku hiyo nilisema kweli.

"Nyuki, mama. Wamo ndani. Wengi."

Nilinyoosha mikono nimdake akianguka. Hakuanguka. Alipiga magoti, yale magoti yasiyokunjika hata kanisani, akabandua saruji mbichi kwa vidole vyake mpaka kimrija kikaonekana. Nyuki mmoja akaingia. Wa pili. Kisha akalaza sikio juu ya zege.

"Gonga," akamwambia Pima-Tena.

Kaburi likavuma. Bibi yako akalia, akacheka, vyote kwa pamoja. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku ya msiba.

"Mimi niliogopa wanaokuja kula," akasema. "Hawa wanaingia wamebeba."

Mpwa wangu, sijapona mpaka leo. Vigae vyako Pima-Tena ameviweka bafuni kwa bibi yako, vimependeza. Lakini jana bibi yako katuita mimi na mama yako, akatuamuru: siku yake ikifika asimwagiwe zege hata karai moja. Udongo mtupu, kando ya babu yako, na yale maua mekundu asiyafyeke mtu. Mama yako analia kutwa, anasema watu watadhani tumemtupa mama yetu. Mimi nimekwisha kumwapia bibi yako kwamba nitamtii.

Limebaki neno lako, maana wewe ndiye mjukuu wake mkubwa na amesema hatatulia bila hilo. Mama yako anangoja ukatae. Bibi yako anangoja ukubali. Andika, mpwa wangu. Kila asubuhi anakaa mlangoni anaulizia posta.

Mama yako, bibi yako na wadogo zako wanakusalimu, na Pima-Tena anasema salamu zake uzipime tena. Mungu akufunike kwa mkono wake mwenyewe.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye kuliko wajomba wote waliobaki.