Honi ya Rajabu

Jumatatu, 3 Machi 1997

Asubuhi nimebadilisha breki za pikapu ya muuza maziwa. Mvua kidogo, kisha jua kali. Saa mbili risasi zimelia milimani, zikanyamaza. Mwajuma amesema ni mbali. Kila siku mke wangu anasema ni mbali.

Saa nne limeingia uani gari jeupe, milango minne. Mwenyewe ni bwana mmoja wa Mutanga Nord, mtu wa ofisini, mrefu, mpole, mwavuli mkononi. Anaendesha magoti yakigusa usukani, maana kiti kimekwama mbele. Nimemcheka moyoni.

"Fundi, hii gari inazima yenyewe mu njia," akasema. "Ukiingoya kidogo, muda wa kuvuta sigara moja, inawaka tena bila shida. Ni vile mutu mwenye aliniuzisha alinielezaka. Na honi, apana kulia hata kidogo."

Petroli, nikamjibu, uliache hapa. Tangu nchi jirani zitufungie mipaka, mafuta ya mjini yanaingia kwa magendo na kuuzwa kwa chupa, na chupa haikosi maji. Gari likizima, fundi yeyote wa Buyenzi, mtaa wetu, atakwambia ni petroli kabla hujashuka. Mimi pia.

Viti vimeoshwa kwa sabuni nyingi mno. Harufu yake imenikaa puani mpaka sasa. Siipendi.

Jumanne, 4 Machi

Nimemimina petroli yake kwenye chupa nyeupe, nikaiacha itulie. Hakuna maji hata tone. Nimeudhika. Fundi wa miaka thelathini hapendi kukosea mbele ya chupa.

Nikaanza na honi, kazi ndogo. Waya umekatwa. Haukuchakaa, umekatwa kwa kisu. Nani anakata waya wa honi? Nikauchuna, nikaugusisha kwenye betri.

Ikalia.

Honi ile si ya gari dogo. Ni ya lori, nzito, na mwishoni ina mkwaruzo kama wa mtu anayekohoa. Hakuna nyingine mjini. Niliitoa mimi kwenye lori bovu nikamfungia Rajabu, jirani yangu wa ng'ambo ya njia, rafiki yangu, kwenye teksi yake ya bluu. Alitaka mkewe amsikie tangu kona ya msikiti na amfungulie lango. Mwezi wa tisa Rajabu alitoka na teksi hiyo kupeleka magunia ya unga Cibitoke, nje ya mji. Hakurudi. Si yeye, si gari.

Nilikuwa bado nimeshika waya niliposikia chuma kinakwaruza ng'ambo. Lango la Rajabu limefunguliwa. Pande zote mbili, vile linavyofunguliwa gari linapoingia. Zaina, mkewe, amesimama pembeni, kitenge kiunoni, mikono ina unga. Anatazama njia. Njia tupu.

Amesimama pale muda mrefu sana. Mimi nimejificha nyuma ya boneti, mtu mzima na mvi zangu.

Jumatano, 5 Machi

Nimefunga lango letu. Mwajuma ameuliza kwa nini. Nimemgombeza bure.

Nimekwaruza rangi chini ya mpira wa mlango. Bluu.

Nimelala chali chini ya kiti cha dereva. Kimechomelewa, mistari miwili kila upande. Mkono wangu huo. Rajabu alikuwa mfupi na kiti kilikuwa kinamkimbia, kwa hiyo nikamchomelea mbele kabisa. Yule bwana anadhani kimekwama.

Nikakaa ndani. Mimi ni mfupi kama Rajabu. Miguu ikafika, mikono ikafika, na kioo cha kuangalia nyuma kilikuwa kimeelekea machoni pangu sawasawa. Mtu mrefu anaona nini kwenye kioo kilichowekwa hivi? Nikatoka haraka, nikajigonga kichwa.

Jumatano bila kazi nyingine. Nimeshinda nikiufagia ua uliokwisha fagiliwa.

Alhamisi, 6 Machi

Zaina amekuja. Ana hina mpya mikononi. Anajipaka kila Alhamisi, maana mume anaweza kurudi Ijumaa. Hana mume na si mjane. Shehe wetu alimwambia wazi: bila shahidi hakuna kifo, bila kifo hakuna eda. Miezi sita anapika chakula cha watu wawili.

Alisimama karibu na gari, hakuligusa.

"Shemeji, ile honi ya juzi ni ya nani?"

"Ya lori moja hivi. Zote zinalia vile."

"Apana. Zote hazilie vile," akasema, akaenda zake.

Nimemdanganya mke wa rafiki yangu mchana kweupe, mbele ya gari la mumewe. Naogopa. Naandika hivyo hivyo: naogopa. Ukijua gari limetoka wapi, umejua limepita mikononi mwa nani, na watu hao hawapendi kujulikana. Wako wanaopita njia hii kila siku na kunisalimu.

Saa saba gari limekuwa likilia tik, tik, tik kwenye jua. Ni bati linalopanuka. Najua kabisa ni bati. Nimehamishia kigoda changu upande mwingine wa ua.

Ijumaa, 7 Machi

Baada ya swala nimeamua kuutafuta ugonjwa wake. Kazi ni kazi.

Nimewasha, nikaliacha lingurume juani. Dakika ishirini, likazima. Na halikuzima kama gari lenye maji kwenye petroli. Hilo hukohoa, hurukaruka, hufa polepole. Hili lilikatika mara moja. Nikachomoa buji, ile plagi ya injini, kutazama cheche. Hakuna cheche. Nikagusa bobini, kile kikopo kinachotengeneza cheche. Kikaniunguza kidole. Nikakifunika kitambaa chenye maji, nikakaa, nikasubiri. Cheche ikarudi, nzuri, nene.

Bobini. Ikipata moto inakufa, ikipoa inafufuka. Mwanafunzi wa mwezi mmoja angeiona.

Halafu nikafungua daftari hili nyuma, ukurasa wa tarehe 10 Septemba. Mwandiko wangu: "Rajabu. Gari lilizima jana mara mbili. Petroli ina maji. Nimesafisha kabureta. Nimewasha, linakwenda vizuri. Nimemwambia aende tu."

Niliwasha asubuhi, likiwa baridi. Bila shaka lilikwenda vizuri! Sikusubiri lipate moto. Chai ilikuwa tayari, Mwajuma alikuwa anaita, tukaenda kunywa, Rajabu na mimi, tukicheka.

Limemzimia njia ya Cibitoke, kwa watu wenye bunduki, mahali ambapo mtu hasimami hata dakika moja. Na waliomkuta wakakaa muda wa sigara moja. Gari likapoa. Likawaka bila shida.

Mimi ndiye niliyemwambia aende.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi sikugusa kitu. Wazo baya limenijia na naliandika nilione. Nisafishe kabureta, nimwambie yule bwana kwamba ni petroli, nimwambie aende tu. Basi. Kazi ya nusu saa. Wallahi nilikuwa nimeshashika bisibisi.

Sijui kama ni mnunuzi tu au ni mmoja wao. Upole wake hauniambii kitu. Wapole nimewaona wengi miaka hii.

Saa sita nimeng'oa bobini ya gari langu mwenyewe, lile bovu la nyuma ya nyumba, nikaifunga kwenye hili. Nimeliwasha na kuliacha juani saa nzima. Halikuzima. Siwezi kumtuma mtu wa pili.

Jumapili, 9 Machi

Amekuja na mwavuli wake. Nimemweleza bobini. Honi nimemfungia nyingine, ndogo. Hakuuliza ya zamani.

Nikamuuliza mimi: aliyekuuzia ni nani? Akatazama viatu vyake.

"Fundi, mi sikuulizaka. Siku hizi mutu anauliza?"

Akaingia, magoti kwenye usukani, akageuza kioo. Akakaa bila kuwasha. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hii gari inaniogopesha. Kile kioo nakigeuza kila asubuhi. Kesho yake nakikuta kimerudia."

Nikamwambia ni skrubu imelegea. Jumatano nilikuwa nimeiangalia. Imekaza.

Ameondoka nalo. Ua umekuwa mpana ghafla. Honi ya Rajabu imo kwenye sanduku la vifaa, ndani ya kitambaa.

Jumatatu, 10 Machi

Saa tatu nimevuka njia, honi kwapani. Ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu.

Nimeiweka mezani na kufunua kitambaa. Zaina hakulia. Aliifuta vumbi kwa upindo wa kitenge, kama anavyofuta sahani. Nikamsomea ukurasa wa Septemba wote, mpaka "aende tu". Maneno hayo nikayasoma mara mbili. Nikamweleza gari jeupe, bobini, moto, sigara. Sikujitetea, maana hakuna pa kujitetea.

Kuku wake akaingia, akatoka.

"Alikunywa chai mbele ya kuenda?" akauliza.

"Tulikunywa wote, kwangu. Na maandazi."

"Bora. Alienda na kitu mu tumbo."

Nilitaka anitukane. Ningejisikia nafuu. Badala yake akavaa baibui. "Shemeji, unipeleke kwa shehe. Useme mbele yake vile umesema hapa." Nikaona maana ya neno shahidi, na nani watasikia kabla ya Alasiri. Nikasema kesho. Hakuvua baibui. Nikasema kesho asubuhi, Inshallah, kweli.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda. Nimesema. Watu wawili wamesikia barazani, basi mtaa wote umesikia.

Shehe amesema inna lillahi, akainamisha kichwa, akaomba dua. Kisha akauliza tarehe. Kumi Septemba, nikasema, siku ileile aliyotoka. Akaanza kuhesabu kwenye vidole. Akahesabu tena. Nilimwona uso unabadilika.

"Dada yangu," akasema, "eda inahesabiwa tangu siku ya kufa, si tangu siku ya kujua. Miezi mine na siku kumi. Eda yako ilikwisha mu Ramadhani."

Zaina alitazama mikono yake. Hina ya Alhamisi bado nyekundu kabisa.

"Mu Ramadhani nilikuwa namupikia futari," akasema. "Kila siku. Sikukuu nilijifukiza udi." Na baada ya hapo, polepole, "Sasa mi nitakaa eda lini?"

Shehe ni mtu msomi na ana majibu ya vitu vingi. Kwa hili alisema tu kwamba yuko huru, Mungu amrehemu marehemu. Tukarudi kwa miguu, mimi mbele, yeye nyuma.

Nimekwenda kusema ukweli ili apate kulia. Nimemkuta amechelewa, na kilichomchelewesha ni tarehe niliyoitaja mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Siku tatu lango lake kimya. Hakuna aliyekuja kuniuliza kitu. Mwajuma anaangalia njia kuliko kawaida. Sasa hasemi ni mbali.

Baada ya swala Zaina amemtuma mtu: nilete betri. Nimeibeba mwenyewe, mgongo unaniuma mpaka sasa. Alikuwa amevaa nguo nyeupe za mjane, mikono ameisugua, hina imebaki kwenye kucha tu. Akanionyesha kona ya msikiti. "Kutokea pale, shemeji. Pale alianziaka."

Basi nimesimama kwenye kona, mchana, betri miguuni, honi mkononi, watu wanatoka msikitini. Nikagusisha waya. Mbili fupi, moja ndefu, vile alivyokuwa anapiga. Mkwaruzo ule mwishoni. Mtaa ukasimama. Hakuna aliyeuliza. Wote waliijua.

Zaina akafungua lango. Upande wa kwanza, upande wa pili. Akasogea pembeni kuachia nafasi, akasubiri kiasi cha gari kupita. Alikuwa anageuza kichwa taratibu, akilifuata kwa macho tangu njiani mpaka ndani ya ua. Na mimi nikanusa sabuni.

Kisha akafunga. Upande wa pili, upande wa kwanza, na mnyororo. Ndipo nikamsikia analia, ndani, kwa sauti. Wanawake wakaanza kuvuka njia kwenda kwake, Mwajuma wa kwanza.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua ya asubuhi. Gari la mwalimu mmoja wa Nyakabiga. Linazima njiani.

"Ni petroli, fundi," amesema kabla ya kushuka. Ana haraka, ana darasa saa nne.

Nimemwambia akae. Nimewasha, nimeliacha lingurume. Nimemletea kigoda. Amelalamika, nimemwacha alalamike. Tumelisikiliza hivyo, yeye na mimi, mpaka boneti ikawa haigusiki.

Ng'ambo lango limefungwa. Moshi wa jiko kidogo.

Mwajuma ameita chai. Nimemwambia bado.